Maswali ya Wasomaji: Kupiga Picha za Sayari kwa Darubini ya Uani

Karibu barua zote za safari hii zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: mbona jicho linaiona mikanda ya Mshtarii vizuri, lakini picha inatoka duara jeupe au ukungu mtupu? Tumechagua zile zilizotaja vifaa na vipimo, maana bila hivyo jibu linakuwa la kubahatisha. Ukubwa wa sayari tunautaja kwa sekunde za tao. Sekunde 1 ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii.

SWALI: Shikamooni. Nina darubini ya kioo ya kipenyo cha milimita 130 yenye urefu wa fokasi wa milimita 650, na simu ya kawaida. Nikitazama kwa jicho naona mikanda miwili ya Mshtarii. Nikipiga picha kwa simu napata taa nyeupe tu. Je, simu ni mbovu?

JIBU: Marahaba. Simu ni nzima. Inapima mwanga wa picha nzima, na kwa kuwa sehemu kubwa ya picha ni giza, inaongeza mwanga mpaka sayari inaungua. Inabidi uinyang'anye uamuzi huo.

Tumia lenzi ya jicho ya milimita 10 pamoja na Barlow (lenzi ya kuzidisha ukuzaji) ya mara 2. Hapo unapata ukuzaji wa mara 130, unaotosha kwa darubini yako. Funga simu kwa kishikio kinachobana lenzi ya jicho, kwa sababu mkono hautulii na kamera ya simu lazima ikae katikati kabisa ya tundu la mwanga. Gusa sayari kwenye skrini na ushikilie kidole mpaka alama ya kufuli itokee, kisha telezesha kidole kushusha mwanga hadi mikanda ionekane na ukingo wa sayari uache kung'aa. Kama simu yako inaruhusu kupanga kwa mkono, anza na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 200 na muda wa 1/100 ya sekunde, halafu rekebisha kutoka hapo. Miezi minne mikubwa ya Mshtarii huenda ikatoweka mwanga ukishuka. Ndivyo inavyopaswa kuwa: miezi hiyo ni hafifu kuliko uso wa sayari, na anayeitaka huipiga peke yake kwa mwanga mkubwa zaidi, kisha akaunganisha picha mbili.

Halafu lililo kubwa kuliko yote: acha picha moja moja, piga video. Sekunde 60 hadi 90, kwa fremu 60 kila sekunde kama simu inaweza, bila kukuza kwa vidole. Hewa iliyo juu yetu huipinda taswira mara nyingi ndani ya sekunde moja, na picha moja ni kamari. Ndani ya fremu 5,000 zipo mia kadhaa zilizonaswa hewa ilipotulia. Programu ya PIPP itaiweka sayari katikati ya kila fremu, na AutoStakkert itazipanga fremu kwa ubora, itachagua zilizo bora na kuzirundika ziwe picha moja. Zote mbili hutolewa bure. Faida ya kurundika inahesabika: chembechembe hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya fremu, hivyo fremu 900 hupunguza chembechembe mara 30.

Kikwazo kitakachobaki ni kwamba simu huibana video na kutupa rangi hafifu. Mikanda miwili mikuu, pete za Zohali na, usiku mzuri, Doa Jekundu Kubwa la Mshtarii, vyote unavipata. Vimbunga vidogo vinahitaji kamera ya aina nyingine.

SWALI: Darubini yangu ni Schmidt-Cassegrain (bomba fupi lililofungwa lenye vioo viwili) ya milimita 200, f/10, yaani urefu wa fokasi ni mara 10 ya kipenyo. Mmoja ananishauri DSLR, mwingine kamera ndogo ya sayari. Nichukue ipi, na Barlow ya mara ngapi?

JIBU: Chukua kamera ndogo ya sayari. Mshtarii hata ukiwa karibu kabisa nasi una upana wa takribani sekunde 45 hadi 50 za tao, kwa hiyo kwenye sensa kubwa ya DSLR unakalia kipande kidogo tu na pikseli nyingine zote zinarekodi giza. Isitoshe, video ya DSLR nyingi hupunguzwa ukubwa na kubanwa kabla ya kuhifadhiwa. Kamera ya sayari hutuma fremu zisizobanwa moja kwa moja kwenye kompyuta, zaidi ya 100 kwa sekunde kupitia USB 3.0. Kamera zenye sensa za IMX224, IMX462, IMX662 au IMX585 zote zinafaa. Ya rangi inatosha kwa anayeanza; ile ya rangi moja na gurudumu la vichujio inatoa ubora zaidi lakini inaongeza kazi.

Nunua pia kichujio kinachozuia mionzi ya infraredi na ya urujuanimno, hasa kwa IMX462, ambayo inaona infraredi kwa nguvu sana. Bila kichujio hicho rangi zinaharibika na picha inalainika, kwa sababu kila urefu wa wimbi unapinda kivyake hewani.

Kuhusu Barlow, shika kanuni hii: uwiano wa fokasi unaotafuta ni takribani mara 5 ya ukubwa wa pikseli kwa mikroni. Pikseli ya IMX224 ni mikroni 3.75, hivyo unalenga karibu na f/19. Barlow ya mara 2 inakupeleka f/20, safi. Pikseli ya IMX462, IMX662 na IMX585 ni mikroni 2.9, hivyo f/15 inatosha na Barlow ya mara 1.5 ndiyo yako. Mwenye darubini ya Newton (ya vioo, iliyo wazi mbele) ya f/5 na pikseli hizo za 2.9 achukue Barlow ya mara 3. Ukivuka kiwango hicho hupati undani zaidi. Sayari inakuwa kubwa na hafifu, unalazimika kurefusha muda wa kila fremu, na hewa inapata nafasi ya kuivuruga. Usiku wa hewa mbaya hata mara 3 ya pikseli inatosha.

Angalizo moja ambalo wauzaji hawalitaji: ukuzaji ulioandikwa kwenye Barlow ni sahihi kwa umbali mmoja tu kutoka kwenye sensa. Ongeza bomba katikati na ukuzaji unapanda. Ndiyo maana ni vizuri kupima wenyewe. Tuseme usiku huo kipenyo cha Mshtarii kwenye ikweta yake ni sekunde 45 za tao na kwenye picha yako ni pikseli 230. Gawanya 45 kwa 230, unapata 0.196 kwa pikseli. Zidisha 206.265 kwa ukubwa wa pikseli, 3.75, kisha gawanya kwa 0.196: urefu halisi wa fokasi ni karibu milimita 3,950. Kwa kioo cha milimita 200 hiyo ni f/19.7.

SWALI: Nina Dobson (darubini ya Newton juu ya kitako cha kusukuma kwa mkono) ya milimita 200, f/6, isiyo na mota. Nimeambiwa nisahau picha za sayari. Kweli?

JIBU: Si kweli. Anga inatembea sekunde 15 za tao kwa kila sekunde ya saa. Darubini yako ina fokasi ya milimita 1,200. Ukiweka Barlow ya mara 2 na sensa yenye upana wa milimita 4.9, uga wako wa kuona ni karibu sekunde 420 za tao. Sayari inaukata kwa sekunde 28 hivi. Iweke nje kidogo ya ukingo wa mashariki wa uga, ondoa mkono, iache ipite yenyewe, kisha rudia. Mipito mitano inakupa zaidi ya dakika mbili za video, na PIPP itaunganisha vipande na kuiweka sayari katikati.

Mambo mawili ya kujali. Kwanza, rekodi kwa uga mzima wa sensa na si kwa kidirisha kidogo, hata kama kasi ya fremu itapungua. Pili, kingo za uga wa Newton zina ukungu wa asili unaoitwa koma, kwa hiyo fremu za katikati ya mpito ndizo bora, na programu itazichagua yenyewe. Sayari ikiwa utosini kabisa Dobson inakuwa ngumu kuielekeza. Isubiri ishuke hadi digrii 70 hivi.

SWALI: Vifaa vyangu ni vizuri: Schmidt-Cassegrain ya milimita 235, kamera ya IMX462, kitako chenye mota. Nimefuata kila maelekezo ya programu, lakini picha zangu ni laini kila usiku. Naambiwa ni hewa. Kila usiku?

JIBU: Una haki ya kushuku. Hewa inalaumiwa mapema mno. Ulaini wa picha una vyanzo vinne ambavyo kwenye skrini hufanana: joto ndani ya darubini, vioo visivyolingana, fokasi, na hewa ya juu. Vitatu vya kwanza viko mikononi mwako, na darubini yenye ulaini wa kila usiku kwa kawaida ina tatizo mojawapo kati ya hayo matatu.

Anza na nyota. Elekeza darubini kwenye nyota angavu iliyo juu, upande ule ule wa sayari, na utoe fokasi kidogo hadi nyota iwe duara lenye pete ndani yake. Tazama mwendo wa mwanga ndani ya duara kwa dakika nzima bila kugusa kitu. Ukiona kitu kama moshi kinapanda polepole na kujikunja, hilo ni joto la darubini yenyewe. Ukiona duara lote linatetemeka na kuchemka polepole, tazama jirani: ukuta, sakafu ya zege, paa la bati, injini ya gari, hata mwili wako ukisimama chini ya mdomo wa bomba. Na ukiona mawimbi ya kasi yanapita juu ya duara kuelekea upande mmoja, mithili ya maji ya mto juu ya kokoto, huo ni upepo wa juu, wa kilomita 9 hadi 12 kutoka ardhini. Hapo tu ndipo una ruhusa ya kulaumu hewa.

Joto la darubini linatibika kwa muda. Schmidt-Cassegrain ya ukubwa wako imefungwa pande zote mbili. Ikitolewa ndani ya nyumba yenye joto inahitaji saa moja na nusu hadi mbili ili ilingane na hewa ya nje. Kioo kikiwa na joto la digrii 1 au 2 tu zaidi ya hewa, tabaka jembamba la hewa moto linakaa juu yake na kuharibu kila fremu. Itoe nje jua linapozama, ikiwa na mfuniko. Wenye Newton wafunge feni ndogo nyuma ya kioo kikuu, ikining'inia kwa mpira ili isitikise. Wengi wenye darubini kama yako sasa huzungushia bomba blanketi jembamba la povu lenye karatasi ya alumini. Halipozi kioo, linazuia upande wa juu wa bomba usipoe haraka kuliko wa chini, na hivyo mkondo wa hewa ndani haufumuki. Blanketi hilo linafanya kazi vizuri kiasi kwamba tunalishauri kabla ya kifaa kingine chochote cha kununua.

Weka darubini juu ya nyasi au udongo kuliko zege, na usiipige sayari inayopita juu ya paa. Zege na paa huachia joto la mchana kwa saa kadhaa baada ya magharibi. Alfajiri mara nyingi ni tulivu kuliko usiku wa kwanza, kwa sababu ardhi imeshamaliza kupoa.

Sasa vioo. Acha Barlow na kamera mahali pake, rudi kwenye nyota, iweke katikati ya skrini na utoe fokasi kidogo tu, pete tatu au nne zionekane. Pete hizo lazima ziwe na kitovu kimoja. Zikielemea upande mmoja, geuza skrubu moja kati ya tatu za kioo kidogo cha mbele, kwa sehemu ya nane ya mzunguko au pungufu. Nyota itahama, irudishe katikati ndipo uamue. Ukilegeza skrubu moja, kaza nyingine, na kamwe usilegeze zote tatu kwa pamoja, kioo kidogo kinaweza kutoka mahali pake. Rudia karibu zaidi na fokasi kamili, mpaka nukta ya katikati ikae katikati ya pete ya kwanza. Mwenye Newton aanze kwa leza au kifaa cha Cheshire cha kulinganishia vioo, lakini amalizie kwa nyota na skrubu za kioo kikuu. Kazi hii hurudiwa kila usiku wa kupiga picha. Safari ya kutoka sebuleni hadi uani inatosha kuvihamisha vioo.

Fokasi ndiyo ya mwisho. Kwenye Mshtarii tumia mmoja wa miezi yake: fokasi ikiwa sahihi mwezi ni nukta ndogo kabisa. Kwenye Zohali tumia mwanya wa Cassini, ule mstari mweusi unaogawa pete, kwenye ncha za pete. Pita fokasi pande zote mbili ili ujue ilipo, kisha rudi. Katika Schmidt-Cassegrain kioo kikuu hutembea ukizungusha kitufe, kwa hiyo malizia kila mara kwa mzunguko unaokisukuma kioo juu, dhidi ya uzito wake, kisije kikateleza. Mota ndogo ya fokasi ina maana kubwa hapa, kwani kila ukigusa kitufe picha inaruka na macho hayawezi kulinganisha. Rudia fokasi kila dakika 20 hivi, joto likishuka fokasi nayo huhama.

Na kama baada ya yote hayo duara bado linapitiwa na mawimbi ya kasi, funga kazi ulale. Kumbuka pia urefu wa sayari angani. Ikiwa digrii 30 juu ya upeo unapiga kupitia hewa nene mara mbili ya ile ya utosini. Ikifika digrii 60 ongezeko ni asilimia 15 tu.

SWALI: Nisaidieni namba. Muda wa fremu, geini (kiasi ambacho kamera inakuza mwanga ilioupokea), urefu wa video. Kila ninayemuuliza ana zake.

JIBU: Kila mmoja ana zake kwa sababu darubini zinatofautiana, lakini mahali pa kuanzia panajulikana. Kwa darubini ya milimita 200 karibu na f/15 hadi f/20: Mshtarii milisekunde 5 hadi 10, Zohali 15 hadi 30, Mirihi 2 hadi 5, Zuhura 1 au chini yake. Panga muda kwanza, kisha pandisha geini mpaka histogramu (grafu ya mwanga wa picha) ifike asilimia 60 hadi 75. Usiogope geini kubwa na chembechembe zake, kurundika kutazimaliza. Fremu ndefu iliyovurugwa na hewa haina dawa. Histogramu ikiwa chini sana, kwa upande mwingine, uso wa sayari hutokea na ngazi za miviringo ukiunoa.

Biti 8 zinatosha kwa geini ya kawaida, na zinaokoa kasi. Rekodi kwa umbizo la SER, si AVI iliyobanwa. Kata kidirisha hadi pikseli 640 kwa 480: fremu moja ni karibu baiti 307,000, fremu 100 kwa sekunde ni megabaiti 31, na dakika mbili ni gigabaiti 3.7. Diski ya zamani inayozunguka mara nyingi hushindwa kasi ikipanda na fremu zinadondoka. Rekodi kwenye SSD na uache nafasi ya kutosha. Programu za kurekodi FireCapture na SharpCap zote hukuonyesha fremu zinazodondoka, litazame hilo kabla ya kulaumu waya.

Urefu wa video unaamuliwa na mzunguko wa sayari. Mshtarii unazunguka mara moja kwa saa 9 na dakika 55 hivi. Ukiwa na upana wa sekunde 45 za tao, alama iliyo katikati ya uso wake inahama karibu sekunde 0.24 za tao kila dakika. Darubini ya milimita 200 inatenganisha vitu vilivyoachana kwa sekunde 0.58 za tao, hivyo baada ya dakika mbili na nusu alama hiyo imeshahama kipimo kizima cha undani wako. Kaa kwenye dakika 2. Zohali inakupa dakika 5. Mirihi, ambayo siku yake inakaribiana na yetu, haina haraka. Ukitaka fremu nyingi zaidi za Mshtarii, piga video tano au sita za dakika 2 mfululizo, rundika kila moja, kisha zipeleke WinJUPOS, programu inayozirudisha zote kwenye wakati mmoja kana kwamba sayari haikuzunguka.

SWALI: Zohali yangu ina ukingo wa bluu upande mmoja na mwekundu upande wa pili. Lenzi ni mbovu?

JIBU: Ni hewa inayopinda bluu kuliko nyekundu. Sayari ikiwa digrii 45 juu ya upeo, umbali kati ya bluu ya mwisho na nyekundu ya mwisho ni karibu sekunde 1.2 za tao. Ikiwa digrii 30 ni zaidi ya 2. Kusogeza rangi kwa programu kunasaidia, ila hakutibu vyote, kwani hata ndani ya bluu peke yake taswira imenyooshwa. Tiba ni kirekebishi cha mtawanyiko, chenye prizimu mbili na vipini viwili. Kiweke kati ya Barlow na kamera, kilale sambamba na upeo wa macho, kisha fungua vipini kwa kiasi sawa mpaka rangi ziungane. Kitaongeza umbali na hivyo ukuzaji, hesabu hilo. Wanaopata sayari juu ya digrii 70 hawakihitaji sana.

SWALI: Nikinoa picha kwenye RegiStax inapata chembechembe, na ukingo wa Mirihi unatokea na mstari wa pili ndani yake. Nikinoa kidogo, haina undani. Nimerundika asilimia 5 bora.

JIBU: Kosa liko kwenye hiyo 5. Kwa video ya fremu 6,000 umebakiwa na 300, chache mno kuhimili kunolewa. Kwenye AutoStakkert, baada ya kuchambua, tazama grafu ya ubora: pale mstari unaposhuka chini ya nusu ndipo pa kuanzia, mara nyingi kati ya asilimia 20 na 50. Iagize programu itoe rundo zaidi ya moja, mathalani la 15, 30 na 50, uzilinganishe baada ya kunoa, si kabla. Kabla ya kunoa zote ni laini na jicho litakudanganya.

Masanduku ambayo programu huyatumia kulinganisha fremu nayo yasiwe madogo. Kwa Mshtarii wa pikseli 230, masanduku ya pikseli 48 yanafaa. Hewa ikiwa mbaya panda hadi 64. Masanduku madogo juu ya video mbovu hufuata chembechembe badala ya mikanda, na picha inatokea na mishono. Hifadhi kwa TIFF ya biti 16. Usiwashe chaguo la kukuza rundo kama uwiano wako wa fokasi tayari unafuata kanuni ya mara 5 ya pikseli.

Katika kunoa, tabaka la kwanza la RegiStax linashika vitu vidogo kabisa, yaani chembechembe zenyewe. Litie kipunguza chembechembe kwanza, ndipo upandishe la pili na la tatu taratibu. Sogeza kidogo, rudisha sifuri, tazama tena. Alama ya kusimama ni ukingo wa sayari: ukianza kupata utepe mweupe kuzunguka, umepita. Huo mstari wa pili wa Mirihi unatokana na namna mwanga unavyojipinda kwenye ukingo mkali, na kunoa kunaukuza. Toa nakala mbili, moja kali na moja laini, kisha tumia ukingo wa ile laini kufunika ukingo wa ile kali. Undani ambao hauonekani kabisa kwenye rundo la asilimia 50 wala la 15 hautaletwa na kunoa. Kinacholetwa ni umbo la kubuni, na linapotosha wanaotazama picha yako.

SWALI: Nataka kuipiga Zuhura mchana, ikiwa juu. Kuna hatari?

JIBU: Ipo, na ni ya upofu. Zuhura haiendi zaidi ya digrii 47 kutoka kwenye Jua. Simamisha darubini kwenye kivuli cha ukuta ambacho Jua haliwezi kukifikia kwa muda wote wa kazi, funika kitafutio (darubini ndogo ya kulengea), na usikubali kitako cha mota kijielekeze chenyewe kwa njia inayokatiza Jua. Mtoto asiachwe karibu nayo. Kichujio kinachopitisha urujuanimno ndicho kinachoonyesha mawingu ya Zuhura. Kwa mwanga wa kawaida utapata hilali nyeupe tupu.

SWALI: Picha zetu sisi wa uani zina faida kwa wanasayansi, au ni za kujifurahisha?

JIBU: Zina faida, na kuna kumbukumbu. Mwaka 2006 Christopher Go, akiwa Cebu, Ufilipino, aligundua kwa darubini ya milimita 280 kwamba dhoruba nyeupe ya Mshtarii iitwayo Oval BA imegeuka nyekundu. Tarehe 19 Julai 2009 Anthony Wesley wa Australia alinasa doa jeusi karibu na ncha ya kusini ya Mshtarii, kovu la kitu kilichougonga, na darubini kubwa za kitaalamu zikageuzwa kulitazama. Machi 2016 wapigapicha wawili, mmoja Austria na mwingine Ireland, walirekodi mwako uleule wa mgongano kila mmoja kwenye video yake. Kwa sababu hiyo usifute video ghafi kabla ya kuipitia.

Ili picha yako itumike, iandikie saa ya UTC (saa ya kimataifa) ya katikati ya video. Linganisha saa ya kompyuta na intaneti kabla ya kuanza: kosa la dakika 1 ni digrii 0.6 za longitudo kwenye Mshtarii. FireCapture inaweza kuandika jina la faili kwa mtindo unaosomwa na WinJUPOS, mwaka, mwezi, siku, saa na dakika pamoja na sehemu ya kumi ya dakika, kwa hiyo hakuna cha kukariri.

SWALI: Urani na Neptuni, je?

JIBU: Urani ina sekunde 3.7 za tao, Neptuni 2.3. Kwa kipimo cha 0.19 kwa pikseli ni pikseli 19 na 12. Utapata duara la rangi, basi. Mwenye kioo cha milimita 250 au zaidi ajaribu Urani kwa kichujio kinachopitisha mwanga kuanzia nanomita 610, fremu za milisekunde 100 na kuendelea, video za dakika 15 au zaidi; ncha ya sayari hiyo hutokea ikiwa angavu kuliko uso wake wote.